Nimesimamishwa kwa sababu "gari chafu". Wewe uliwahi kupewa sababu gani barabara ya Arusha–Moshi?

Kijana wa Moshono (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa kwa mama, Uru. Nimefika tangu saa nane mchana ila akili bado iko barabarani.

Asubuhi nimetoka Moshono na ka-IST kangu. Anayeijua Moshono mwezi huu wa nne hahitaji maelezo: kutoka getini hadi uikute lami, gari imeshapakwa matope hadi kioo cha nyuma. Nikasema nitaiosha nikifika Moshi, maana kuosha gari Moshono kipindi cha masika ni sawa na kumwogesha bata. Leo Jumamosi, siku ya soko Tengeru, kwa hiyo foleni ilikuwepo, na zile njia nne kutoka Sakina zinapokatikia pale kila mtu analazimisha kuingia mbele ya mwenzake. Nikavumilia. Nikapita Usa, nikapita Maji ya Chai, kila kibao cha 50 nakitii kama mtoto wa kipaimara.

Mbele kidogo, mahali sitapataja maana sitaki kumchomea mtu, akatoka askari chini ya mti, mkono juu. Nikawasha indiketa, nikasogea pembeni, nikashusha kioo.

"Shikamoo afande." Alinizidi kama miaka 20, shikamoo yake halali.

"Marahaba. Leseni."

Nikampa. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, hakuirudisha. Wenye magari mnaelewa: leseni ikishabaki mkononi mwake, wewe ni mbuzi uliyefungwa kamba. Akaangalia bima. Akataka kuona mtungi wa zimamoto, nikautoa. Triango, nikatoa zote mbili. Washa indiketa ya kushoto. Ya kulia. Kanyaga breki. Wipa. Honi. Fungua buti, mle kulikuwa na sukari na dumu la mafuta ya mama. Mzunguko wa kwanza ukaisha hajapata kitu. Akaanza wa pili.

Hapo nikauliza, kwa adabu kabisa: "Afande, samahani, kosa langu ni lipi?"

"Kwani nimesema una kosa?"

"Sasa umenisimamishia nini?"

"Gari yako chafu."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka. Akaniambia neno ambalo nimekuja nalo kichwani hadi huku Uru: "Kijana, kwenye gari kosa halikosekani. Ni suala la muda tu." Akaenda nyuma, akaniita. "Nisomee hapa." Nikainama. Wakuu, sitawadanganya, ile T ilikuwa imezama kwenye matope na tarakimu ya kwanza hata mimi mwenye gari niliikisia.

Akanyamaza. Nikanyamaza. Akatazama barabarani kama anayesubiri basi. Halafu ikaja ile sentensi: "Sasa unanisaidiaje nikusaidie?"

Nikamwambia niandikie afande. Akaguna, akatoa kimashine chake, ikatoka karatasi yenye namba ya malipo, shilingi 30,000. Nikalipa kwa simu palepale mbele yake. Nikachukua chupa ya maji nikasafisha namba, nikaondoka.

Najua mtasema mwenye kosa ni mimi. Namba isiyosomeka ni kosa, na 30,000 nimelipa sijabisha. Kinachoniuma ni mpangilio wake. Nilisimamishwa kwanza, nikapekuliwa, halafu ndipo kosa likatafutwa mpaka likapatikana. Angenisimamisha akasema "kijana, namba yako haisomeki", ningeshuka na maji yangu, hata faini ningelipa nikimshukuru. Mtu akinyanyua mkono ajue anamnyanyulia nini. Ni hilo tu.

Haya, na nyie leteni za kwenu. Nataka zile za ajabu, za kawaida kila mtu anazo.

Suka wa Noah

Mkuu, hiyo "gari chafu" ni ya masika. Ikifika kiangazi unaulizwa maji ya kuoshea umeyatoa wapi wakati wananchi hawana.

Dada wa Moshono

Jirani, pole. Hayo matope nayafahamu, na najua hata wewe unakaa upande gani kwa jinsi ulivyoyaeleza.

Yangu ni ya viatu. Nilikuwa nawahi harusi Moshi, nimevaa vile vya kisigino kirefu, na kuendesha navyo siwezi. Nikavua nikaviweka kiti cha pembeni, nikaendesha peku. Nikasimamishwa. Leseni sawa, bima sawa, mkanda sawa. Afande akachungulia miguuni. "Unaendesha bila viatu?" Nikasema ndiyo. "Hilo ni kosa." Nikamuuliza kosa gani. Akafikiri. Akampigia mwenzake wa ng'ambo ya barabara, ambaye mimi nilikuwa namwona kabisa kwa macho, hatua hazizidi ishirini. Yule naye akainua mabega. Wakashauriana kwenye simu huku wanaangaliana! Mwisho akarudi: "Mama, vaa viatu, wewe ni mtu mzima."

Nikavaa. Nikaondoka na visigino vyangu, gari inaruka kama chura, hadi nilipokata kona na asinione tena. Nikavua.

Toyo la Ngaramtoni

Nyie wenye magari mnalia na karatasi mkononi. Njooni huku kwetu kwenye bodaboda, ambako kitu cha kwanza kuondoka ni funguo, "habari yako" inafuata baadaye.

Shukrani zangu ziende kwa bajeti ya 2022 iliyoshusha faini yetu sisi na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000. Kabla ya hapo ukikamatwa asubuhi hesabu ya siku ya tajiri mwenye pikipiki imeshakufa, unashinda kutwa unaendesha kwa ajili ya kosa moja.

Ila ya ajabu ni hii. Nilimbeba dada mmoja ametoka saluni Sakina, anawahi kumsimamia mwenzake ndoa. Kofia ngumu akakataa katakata. Ameshika nywele kwa mkono mmoja, keki kwa mwingine, amenikaa nyuma kama bendera. Nikamwambia dada, tutakamatwa. Akasema twende, wakitusimamisha nitaongea mimi. Tukasimamishwa. Afande akamtazama, akatazama keki, akaniambia mimi: "Wewe, kwa nini hukumfunga kamba?" Yule dada aliyesema ataongea hakutoa hata neno. Nikaandikiwa mimi. Wakati naondoka ndipo akafungua mdomo: "Si nilikwambia upite njia ya ndani?"

Mzee wa Kiboriloni

Wanangu, mnachekesha. Mmekuta barabara imeshalainika.

Zamani kioo cha mbele kilikuwa kama ukuta wa baa siku ya uchaguzi. Stika ya road licence, stika ya bima, ya zimamoto, ya Nenda kwa Usalama, na nyingine hata sikumbuki ilikuwa ya nini. Nilikuwa na Peugeot 504 pikapu. Siku moja natoka Himo nikasimamishwa kwa kukosa stika mojawapo. Nikaandikiwa, nikaenda kuitafuta, nikabandika. Wiki ileile, askari mwingine akanisimamisha akasema stika ni nyingi mno, zinanizuia kuona. Nikamuuliza, afande, nibandue ipi? Akaniambia hiyo ni kazi yako.

Ile road licence ilifutwa kwenye bajeti ya 2017 na badala yake tukawekewa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Sikuipenda sana, maana hata mwenye mashine ya kusaga kule kijijini, ambayo haijawahi kuona lami, analipia barabara. Lakini nakiri, sababu moja ya kusimamishwa ilikufa siku ile na sijasikia aliyeilia.

Mwalimu Njiro

Nitaenda kinyume kidogo na nyie, mnisamehe.

Mei 6, 2017 gari iliyobeba wanafunzi kutoka hapa Arusha ilitumbukia korongoni Rhotia, Karatu, walipokuwa wanaenda kufanya mtihani wa ujirani mwema. Wanafunzi 32, walimu wawili na dereva hawakurudi. Watoto watatu ndio waliopona. Sisi walimu wa mji huu tunajua wiki ile ilikuwaje. Tangu hapo nikimwona askari amesimamisha gari ya shule, amepanda ngazi, anahesabu vichwa kimoja kimoja huku wazazi nyuma wanapiga honi, mimi sipigi.

Halafu Februari 2024 lori likakosa breki pale Ngaramtoni, watu 25 wakafa. Kila "kanyaga breki" mnayoiona ya kipuuzi, mimi siioni ya kipuuzi tena.

Na wewe mwanzisha uzi, tuseme ungemgonga mtoto pale Maji ya Chai ukapotelea mbele. Shahidi angesema nini polisi? "Ilikuwa IST ya rangi ya matope"?

Kijana wa Moshono

Mwalimu, hapo kwenye namba umenishika pabaya na sina jibu. Ningemlaumu mtu kama mimi.

Ila angalia mifano yako. Anayehesabu vichwa anajua anachotafuta kabla hajanyanyua mkono. Anayejaribu breki za lori anajua. Wangu mimi alinizunguka mara mbili bila kujua anatafuta nini, na namba aliiona mwishoni, tena baada ya mimi kumuuliza. Kama matope ya namba ndiyo yaliyomsimamisha, kwa nini alianza na sukari ya mama yangu?

Wakili wa Kijiweni

Tuweke sheria mezani kidogo, maana naona hadithi zinanoga.

Kinachotumika ni Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ya mwaka 1973. Askari mwenye sare akikusimamisha, unasimama, hilo halina mjadala wa "kwa nini" kwanza. Ile karatasi ya faini maana yake unakubali kosa ili yaishe hapo. Kama hukubali una haki ya kusema hapana, twende mahakamani. Na pesa hailipwi mkononi mwa mtu, inalipwa kwa namba ya malipo. Mwanzisha uzi alifanya ilivyo.

Kuhusu "unanisaidiaje nikusaidie": Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 15, haimhusu anayepokea peke yake. Anayetoa naye yumo. TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, namba yao ni 113, kupiga ni bure.

Suka wa Noah

Wakili, heshima kwako, unaongea kama mtu ambaye jioni hadaiwi hesabu.

Sikiliza maisha yetu. Nina gari ya tajiri. Jioni anataka hesabu yake, mvua inyeshe isinyeshe. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80. Ukitii kila kibao cha 50, na vipo vingi hadi unasahau ulichokipita kiliishia wapi, abiria wanakutukana kwamba umewabeba kwenye jeneza. Ukikanyaga, unapigwa tochi ya kupima spidi na mtu usiyemwona, picha inatangulia mbele kwa simu, unakuta unasubiriwa na jina lako. Sasa nimekamatwa, nina watu saba nyuma, mmoja anawahi hospitali ya KCMC, mwingine ana kuku. Wewe unaniambia nikatae kosa twende mahakamani. Nani atawarudishia nauli? Siku ya kesi nani atampa tajiri hesabu? Hata hiyo karatasi ya 30,000 natoa mfukoni mwangu, tajiri hataki kuiona.

Ndiyo maana watu "wanaongea". Siwasifu, mimi mwenyewe nimewahi kuongea na sijisifu. Ila msione tunapenda. Yule askari anajua kwamba kitu nilichopungukiwa mimi ni muda, na anachouza yeye ni muda. Akikushikilia leseni akaenda kukaa kwenye kivuli, dakika kumi tu, abiria wenyewe wanaanza: "Suka, si umalizane naye?"

Wakili wa Kijiweni

Hilo la abiria ni kweli. Nimewahi kuwa huyo abiria. Nilikuwa nawahi mahakamani.

Mama wa Ndizi, Marangu

Mimi alinisimamisha akauliza mshare bei gani.

Nilikuwa kwenye Kenta tumepakia kupeleka Tengeru, dereva anatetemeka, anatafuta leseni hadi chini ya kiti. Kumbe afande mke wake amejifungua, anatafuta ndizi za mtori. Nikamtajia bei. Akasema punguza mama, mimi ni mtu wa serikali. Nikamwambia ndiyo maana najua una mshahara. Akalipa. Nikamwongezea chana moja ya mtoto.

Dereva wangu alitulia tulipofika uwanja wa ndege, KIA.

Nilivaa Nyeupe

Nimesoma kimya tangu juu. Mimi nilikuwa trafiki, nimestaafu, sasa nafuga ng'ombe wawili na sina deni na mtu. Nitawaambia kitu, mkitaka mnitukane.

"Gari chafu" hatukuwa tunaisimamisha kwa uchafu. Ni namna ya kumfikia dereva. Nikishafika dirishani nakuuliza unatoka wapi, unaenda wapi. Sina haja ya kujua unakoenda. Nataka ufungue mdomo. Nanusa. Naangalia macho. Naangalia kama anayekaa pembeni yako ana amani. Ukinijibu vizuri, leseni nakurudishia na hadithi imeishia hapo, na wewe unaenda kusema kwa watu kwamba nilikusimamisha bure. Hasa Desemba, nyie watu wa Moshi mnaporudi nyumbani kuhesabiwa. Nimewatoa kwenye usukani watu ambao mbege ilikuwa inaongea kabla yao.

Sasa huyo aliyezunguka gari mara mbili halafu akauliza "unanisaidiaje", huyo alikuwa anatafuta mboga. Wapo. Nilifanya nao kazi, na walituharibia jina hadi leo nikisema nilikuwa trafiki watu wanachekea pembeni.

Kijana wa Moshono

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kusema wazi. Lakini si mngesema tu? "Kijana, nakagua walevi." Ningefungua mdomo mwenyewe.

Nilivaa Nyeupe

Marahaba. Mlevi nikimwambia nanusa, atapumua?

Toyo la Ngaramtoni

Mzee kafunga mjadala. Na sisi wa bodaboda mlikuwa mnatunusa kupitia funguo?

Nilivaa Nyeupe

Nyie mlikuwa mnakimbia. Funguo ikibaki kwako, nitakunusia Namanga.

Kijana wa Moshono

Wakuu, mrejesho. Jana Jumapili nimerudi Arusha.

Gari niliiosha Moshi, nikaiosha kweli, hadi tairi zilipakwa ile dawa nyeusi. Namba unaisoma ukiwa Kilimanjaro kileleni. Natoka mjini kama saa kumi na moja jioni, sijafika mbali, mbele namwona mtu mwenye nyeupe, mkono juu. Nikasema leo wataniambia gari ni safi mno, inaakisi jua.

Nikasimama, nikashusha kioo, leseni nimeshaishika. Hakuitaka. Alikuwa na begi begani na mfuko wa parachichi.

"Kijana, unaelekea Arusha? Nisogeze Usa, zamu yangu imeisha."

Akapanda mbele. Akafunga mkanda bila kuambiwa. Wakuu, nimeendesha njia ile zaidi ya miaka minne na sijawahi kuiona vile. Kituo cha kwanza, askari akanyanyua mkono nusu, akamwona, akaugeuza ukawa salamu. Cha pili, salamu. Cha tatu nilijisahau nikataka kusimama mwenyewe kwa mazoea, akaniambia "pita, pita". Maneno mengine aliyoongea njia nzima yalikuwa "hiyo ni 50", mara mbili, na mara zote mbili alikuwa sahihi.

Tulifika Usa giza limeshaingia. Akashuka, akachukua parachichi zake, akaniachia mbili kwenye kiti. Nikadhani ameshaondoka. Mara nasikia buti inagongwa, ko ko. Nikatoa kichwa.

"Kijana. Taa ya namba haiwaki."

"Nashukuru afande."

"Kesho uweke balbu."

Akavuka barabara akaenda zake.

Mwalimu Njiro

Kwa hiyo juzi matope, jana giza. Hiyo namba yako ina siri gani?

Suka wa Noah

Na nauli ya hadi Usa hukumtolea namba ya malipo?

Dada wa Moshono

Jirani, ulifika salama? Maana huku kwetu mvua ilianza jana saa kumi na haijakata hadi sasa.

Kijana wa Moshono

Nilifika. Balbu nimenunua asubuhi hii. Rangi ya gari msiniulize.